Mlinzi wa geti wa Lionel anaunguruma ila hatoki kibandani: usikimbilie kuagiza koili

Mkuu wa Iringa, kwa ulivyoeleza umepata boksi la treni za kuchezea za kizamani kutoka nyumba moja ya mashamba ya chai huko Mufindi, ndani kuna kile kibanda cha Lionel, kampuni ya Marekani ya treni za kuchezea, cha mlinzi anayetoka na taa treni ikipita, na semafoo (nguzo ya ishara yenye mkono) ya bati ya Hornby ya Uingereza. Mlinzi anaunguruma tu ndani, mkono wa semafoo umeganda, na sasa unataka kuagiza koili Marekani. Subiri kwanza. Mimi nipo hapa Mbeya, kazi yangu ni redio na cherehani, hivi vitu naletewa mara mojamoja, na koili iliyokufa kweli huwa naiona kwa nadra sana.

Huo muungurumo wenyewe ni habari njema. Ndani ya kibanda kuna koili, yaani waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi, ukiipa umeme inavuta kipande cha chuma kinachoteleza katikati yake, na hicho chuma kimeungwa na vyuma vyembamba vinavyofungua mlango na kumtoa jamaa nje. Kikiunguruma maana yake umeme unapita na sumaku ipo, sema chuma kimekwama njiani. Koili iliyokatika haiungurumi, inanyamaza kimya.

Kinachokwamisha karibu kila mara ni mafuta. Kuna mtu zamani aliona kinasitasita akamimina mafuta, vumbi likaja juu, miaka ikapita, ikawa gundi ya rangi ya kahawia, na kwa baridi letu la mwezi wa 6 na wa 7 ndo inakaza kabisa. Fungua chini ya kibanda, piga picha kabla hujagusa chochote, halafu chukua kijiti chenye pamba kilicholowa mafuta ya taa kidogo tu usugue ndani ya ule mrija wa koili na kile chuma chenyewe mpaka pamba itoke safi. Kausha. Na hapo kwenye chuma USIWEKE mafuta tena, kinatakiwa kiteleze kikavu, ukiona bado kizito paka unga wa penseli. Mafuta ya cherehani yanaenda kwenye viungo vya mlango peke yake, tone dogo la kwenye ncha ya sindano. Ukimaliza sukuma kwa kidole, mlinzi atoke na ukiachia arudi mwenyewe bila kusaidiwa, asiporudi angalia kama kuna chuma kimepinda. Petroli na thina weka mbali kabisa, zile rangi zinatoka na plastiki inaharibika.

Sasa umeme, na hapa ndo watu wanaunguza. Transfoma za Lionel zimetengenezwa kwa umeme wa kwao wa volti 120 na hezi 60 (mitetemo 60 kwa sekunde), sisi tuna 230 na hezi 50. Transfoma yake ya asili ukiichomeka ukutani huku imekwisha. Hata ukitafuta kishusha volti bado itachemka kuliko kawaida, kwa sababu hezi zikipungua chuma cha transfoma kinabeba sumaku nyingi zaidi. Mimi naiacha pembeni kama pambo, natumia transfoma ya kwetu ya 230 kwenda 12, zile za kwenye redio na amplifaya kubwa, mafundi wa Mwanjelwa hapa Mbeya wanazo mpaka za mtumba. Itoe volti 12 za AC lakini, umeme unaobadili mwelekeo kama wa ukutani. Kuna wanaochomeka adapta ya laptop, ile ni DC, umeme wa mwelekeo mmoja kama wa betri, halafu volti 19, koili inavuta umeme mwingi mno inachemka na kile chuma kinaweza kung'ang'ania kisirudi. Pia usiishikilie ikiwa imewaka, imetengenezwa ivute muda treni inapita basi. Ndo maana swichi yake inakaa chini ya reli, uzito wa treni unaibonyeza ikipita, sasa wewe na treni yako nyepesi ya plastiki usishangae isipobonyea, kuna skrubu ya kurekebisha springi.

Ukipima na mita ukaona koili imekatika kweli, angalia kwanza ncha mbili pale waya mwembamba unapounganishwa na waya mnene, hapo ndo panapokatika, unakwangua vanishi kidogo unapiga lehemu. Ikiwa imeungua ndani mpelekee fundi wa kusuka mota, mwambie ahesabu mizunguko anapofumua na atumie waya wa unene uleule. Bei yake huwezi kulinganisha na mzigo wa kutoka Marekani.

Mkono wa semafoo ya Hornby hauendeshwi na umeme, ni wenzo na waya tu, safisha pale mkono unapozungukia. Shida yake ni zile ndimi za bati zinazoshikilia vipande, ukizikunja na kuzikunjua mara 2 au 3 zinakatika, kwa hiyo kama inasafishika bila kufunguliwa usiifungue. Binafsi siwaelewi wanaopaka rangi upya hivi vitu, mikwaruzo ya mtoto wa miaka hiyo ndo uzuri wake, ila ni yako.

Kagua pia magurudumu na vipande vya metali iliyoyeyushwa na kumiminwa vilivyomo humo boksini. Ukiona vimevimba na nyufa kama tope lililokauka, hiyo ni zinki iliyochanganyika na metali ya risasi wakati wa kuyeyushwa, inajila yenyewe kutoka ndani, haina gundi wala lehemu. Vitenge pembeni utafute vya kubadilisha, usihangaike navyo.

Safisha kwanza kisha ujaribu na volti 12. Kama bado anaunguruma bila kutoka weka picha ya chini ya kibanda kikiwa wazi, ionyeshe koili na ule mkono wa mlango tuangalie pamoja.