Swichi haitumi logi za mabadiliko ya mipangilio

Umeuliza kwa nini swichi yako ya Cisco haipeleki kwenye seva ya syslog (mfumo wa kutuma na kukusanya logi) taarifa za mtu kubadili mipangilio. Seva yako iko sawa, maana umesema ujumbe wa LINK-3-UPDOWN (wa kiungo cha mtandao kuwaka au kuzimika) unafika. Tatizo ni hiyo `logging trap 3` uliyoweka, amri inayopanga logi za uzito gani zitumwe kwenye seva. Kwenye syslog namba ndogo ndiyo nzito: 0 ni hali ya dharura, 7 ni debugging (maelezo ya kina ya kutafutia hitilafu). Ukiandika 3, Cisco inatuma 0 hadi 3 tu, zilizobaki haziondoki kwenye swichi. Mtu akibadili mipangilio, ujumbe wake ni SYS-5-CONFIG_I. Hiyo 5 katikati ndiyo kiwango chake, kwa hiyo unaachwa palepale.

Weka hivi:

`logging trap informational`
`logging source-interface Vlan10`
`service timestamps log datetime msec`

Informational ni kiwango cha 6, kwa hiyo ile ya 5 inapita. Vlan10 badilisha uweke VLAN (mtandao mdogo ndani ya swichi) ya usimamizi kwako. Mstari huo wa source-interface usiudharau: bila huo, swichi ikibadili njia ya kutokea, seva inaiona kama kifaa kingine kwa sababu anwani ya IP imebadilika. Usipande hadi 7 ila unapotafuta hitilafu.

Mstari wa tatu unaweka tarehe na saa kwenye kila logi, kwa hiyo saa ya swichi nayo ilinganishwe kwa NTP (itifaki ya kusawazisha saa kupitia mtandao). Nimewahi kukesha nikilinganisha logi za swichi mbili zilizopishana dakika kadhaa, sitaki tena.

Halafu ingia kwenye configure terminal (sehemu ya kubadilishia mipangilio), toka, uone kama ujumbe umefika. Usipofika, angalia kama kuna fayawoli njiani inayozuia UDP 514, yaani itifaki na mlango ambao syslog hupitia. UDP haisubiri jibu, kwa hiyo swichi haitakuambia kwamba ujumbe umepotea.