Nilitolewa jeshini na OTH, naweza kuibadilisha?

Shikamoo dada. Mi niliingia jeshi la Marekani, Army, mwaka 2010 nikiwa na grinkadi, uraia nikaupata nikiwa humohumo jeshini, 2012 nikapelekwa Afghanistan miezi tisa. Tuliporudi nikawa silali, nikaanza pombe halafu bangi, nikapimwa mkojo nikakutwa nayo, nikatoroka kambini siku kumi na moja kisha nikarudi mwenyewe. 2014 wakanitoa na dischaji ya OTH (Other Than Honorable), yaani kuachishwa jeshi kwa hali isiyo ya heshima. Mkubwa mmoja aliniambia nisaini tu, nisiombe kusikilizwa, eti baada ya miezi sita inajibadilisha yenyewe kuwa nzuri. Haijabadilika mpaka leo. Naendesha lori, nina watoto wawili, kila nikiomba kazi ya maana wakitaka ile karatasi najua imeishia hapo. Na kuna mtu ananitisha kwamba wakifukua faili langu nitanyang'anywa uraia. Je, inabadilika au niachane nayo? – Askari wa zamani, Texas

Marahaba mdogo wangu. Inabadilika, ila haibadiliki yenyewe, hilo la miezi sita ni uongo ambao nimeusikia kwa watu wengi mno na kila nikiusikia naumia, maana mtu anasaini akiwa na miaka 22, amechoka, anataka kwenda nyumbani tu, halafu anakuja kukaa na karatasi hiyo maisha yake yote. Dischaji kama yako haipandi daraja bila mtu kuomba.

Chukua DD 214 yako, ile karatasi uliyopewa ulipotoka jeshini, uiweke mbele yako. Kisanduku namba 24 ndicho kimeandikwa aina ya dischaji, namba 28 ndiyo sababu ya kutolewa, na 26 na 27 ni zile alama fupi (code) ambazo mwajiri anayezijua akiziona tu ameshaelewa. Nakwambia hivyo kwa sababu nilikaa na shemeji yangu mezani usiku mzima tukijaza fomu yake, yeye akili yote iko kwenye namba 24, hiyo ya 28 alikuwa hajawahi hata kuisoma vizuri, na pale palikuwa pameandikwa neno moja linalomaanisha utovu wa nidhamu. Ukiomba, omba vyote vibadilishwe pamoja. Na omba Honorable kamili, ile ya heshima, usiombe General, ya daraja la chini yake, ukadhani umemaliza, kwa sababu zile hela za shule za GI Bill zinataka Honorable, General haitoshi.

Fomu yako ni DD 293, inaenda kwenye bodi ya Army ya kupitia dischaji, haina malipo. Una miaka 15 tangu siku uliyotolewa, kwa hiyo ya kwako inafika mwisho 2029, usisubiri mwaka wa mwisho maana majibu yenyewe yanaweza kuchukua zaidi ya mwaka. Ushauri wangu ni uanze kwa kuomba wapitie makaratasi, wakikataa na bado uko ndani ya miaka 15 unaomba tena usikilizwe mwenyewe, hapo unapata nafasi mbili, ila ukianza moja kwa moja na kusikilizwa halafu ukashindwa, kwenye bodi hiyo umemaliza.

Sasa hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wanaandika barua ya kuomba msamaha kurasa tatu, nimejuta, nimeokoka, nina watoto. Ni vizuri, weka, maana waraka wa Pentagoni, wizara ya ulinzi, wa Julai 2018 unawaruhusu kuangalia huruma na maisha yako baada ya jeshi. Lakini kesi kama yako inabebwa na waraka mwingine, wa tarehe 25 Agosti 2017, watu wanauita Kurta memo, unaohusu PTSD (kiwewe cha akili baada ya mambo kama vita), kuumia kichwa, na waliodhalilishwa kingono jeshini. Huo unaitaka bodi ijiulize maswali manne. Je, alikuwa na tatizo au alipitia jambo linaloweza kupunguza uzito wa kosa? Lilikuwepo akiwa jeshini? Kweli linaelezea alichofanya? Na je, lina uzito kuliko sababu ya kumtoa? Andika barua yako ukiyajibu hayo manne, moja moja, kwa tarehe. Mfano wewe, kabla ya Afghanistan ulikuwa na kosa lolote? Kama hapana, liseme wazi, weka tathmini zako za kazi za 2010 na 2011, halafu onyesha ulirudi lini, usingizi ukapotea lini, ukapimwa lini, ukatoroka lini. Msomaji wa bodi aone kwa macho yake kwamba huyu mtu alibadilika baada ya kurudi. Waraka huohuo unasema ushahidi wa mtu mwenyewe unaweza kukubalika hata kama hakuna daktari aliyeandika kitu wakati ule, na kwamba Honorable haihitaji utumishi usio na dosari hata moja, hiyo sentensi wanyooshee kidole.

Tafuta na watu waliokuona. Mwenzako wa platuni aliyelala kitanda cha pili, mkeo kama mlikuwa pamoja, mama aliyepokea simu zako saa tisa usiku, kila mmoja aandike alichokiona yeye, asisifie tu eti ni kijana mzuri.

Na kabla hujatuma chochote nenda VA, idara ya serikali ya maveterani, kuhusu huo usingizi. Najua umeambiwa OTH hairuhusiwi kuingia pale, si kweli kwa mtu wa aina yako, uliyepelekwa kwenye eneo la vita na ukatumikia zaidi ya siku 100 una haki ya kutibiwa afya ya akili hata na OTH. Na ukiomba mafao mengine VA wanafanya uamuzi wao wenyewe kuhusu dischaji yako, hawaisubiri bodi. Nenda kwa ajili yako kwanza, karatasi ya daktari itakuja kusaidia kesi baadaye.

Kuhusu uraia nakwambia ukweli bila kukutisha. Sheria ina kifungu, aliyepata uraia kwa utumishi wa jeshi akatolewa kwa hali isiyo ya heshima kabla ya kutimiza miaka mitano ya utumishi mzuri, uraia unaweza kufutwa. Haufutiki wenyewe, ni lazima serikali ifungue kesi mahakamani. Lakini wewe miaka yako haifiki mitano, kwa hiyo ongea na wakili wa uhamiaji kwanza, ndipo utume fomu. Kwa upande wa bodi, mashirika ya maveterani kama American Legion na DAV wanasaidia bure, usimpe mtu dola zako anayekuahidi ushindi.

Dada, mume wangu alitolewa Navy, jeshi la majini, 2006 na OTH, amefariki mwaka jana akiwa bado na uchungu nayo. Mimi naweza kumwombea au imekufa naye? – Mjane, Ohio

Pole sana mama, Mungu ampumzishe. Unaweza, mjane anaruhusiwa kuomba kwa niaba ya marehemu. Kwa kuwa miaka 15 imepita, fomu yako ni DD 149, inaenda kwenye bodi ya Navy ya kurekebisha rekodi. Hiyo kisheria ina miaka mitatu tangu kosa lilipogunduliwa lakini bodi inaweza kusamehe kuchelewa kwa ajili ya haki, kwenye fomu kuna sehemu ya kueleza kwa nini, andika kwamba aliishi akiamini haiwezekani, kama ndivyo ilivyokuwa. Ambatanisha cheti cha kifo na cha ndoa. Kama huna faili lake, jaza SF 180 uliombe kwenye kituo cha rekodi cha St. Louis, na usiandike barua mpaka uwe umelisoma lote, maana huenda ndani kuna mambo ambayo hakuwahi kukwambia, ukiyakuta soma ukiwa na mtu karibu.