Duka limeungua, nami nilikuwa nauza mafuta ya taa

SWALI: Duka langu hapa Manyatta, Kisumu, liliungua juzi usiku. Jirani anasema alisikia harufu ya petroli mlangoni. Kijana wangu ameokota majivu akayatia kwenye mfuko wa mkate. Yatasaidia? Na kwa kuwa nilikuwa nikiuza mafuta ya taa, si nitaambiwa nimejichomea mwenyewe? – Mwenye duka, Manyatta

JIBU: Pole sana, mama. Majivu hayo hayatakufaa. Petroli iliyoteketea haibaki majivuni; hubaki mahali moto haukufika: kwenye ufa wa saruji, chini ya mguu wa kaunta, ndani ya gunia lililoloa. Maji ya kuzimia moto yasikutie hofu, hayachanganyiki na petroli. Mfuko wa mkate ndio adui, maana mvuke hupenya hata pasipo tundu. Nikiwa maabara niliwahi kuletewa kipande cha godoro katika mfuko kama huo. Nilipata kemikali za toluini na stairini tu, na hizo sponji ya godoro huzitoa yenyewe ikiungua, kwa hiyo hazikuthibitisha petroli.

Kwa hiyo msiokote tena. Waacheni wapelelezi wakate ubao wenyewe na kuutia kwenye mkebe mpya wa bati, ule wa rangi ambao haujawahi kutiwa kitu, wakiacha nafasi juu. Maabara huning'iniza humo kijiukanda cha mkaa, mkebe ukapashwa joto la nyuzi 60 hadi 80 usiku kucha, mkaa ukanasa mvuke. Kilichonaswa huoshwa kwa kiyeyusho na kupitishwa kwenye mashine ya kromatografia ya gesi, inayotenganisha kemikali moja moja na kuzichora kwenye grafu. Mafuta ya taa huchora vilele kama meno ya kitana, vikipanda kisha vikishuka. Petroli huchora vishada vya vilele vya kemikali za jamii ya benzini (hapa benzini ni kemikali, si jina jingine la petroli). Aliyezoea hazichanganyi.

Hofu yako ina msingi, mama, kwa sababu mashine haijui nani alimwaga. Mafuta ya taa pale ulipoweka pipa ni jambo la kutarajiwa. Yakipatikana mlangoni, utaulizwa. Petroli katika duka lisilouza petroli ni habari nyingine kabisa. Waeleze leo hii pipa lilisimama wapi, uombe sampuli ya hapo pia ichukuliwe, ilinganishwe na ya mlangoni. Pipa lenyewe, hata kama limepindika, usiliondoe. Wakichimba udongo wa mlangoni, waombe ugandishwe upesi: bakteria wa udongoni hula petroli.