Barua kwa mwanangu: figo ya mama yako mdogo

Mwanangu Neema,

Umeniuliza kama saratani ya thairoidi, ile tezi ya shingoni, ya mama yako mdogo inaweza kuhamia kwenye figo. Inaweza, ila ni nadra. Yake ni ya folikula, aina inayoanzia kwenye vifuko vidogo vya tezi, na husafiri kwa damu. Hukimbilia mapafu na mifupa, mara chache hutokeza kwenye figo, ini, hata ngozi ya kichwa. Mimi nauliza jingine: nani kathibitisha uvimbe ulioonekana kwenye figo yake umetoka shingoni?

Unalikumbuka lile nundu la bibi yako kisogoni. Aliyeliona akasema ni mafuta tu, akapiga ganzi, akapasua. Na lilikuwa linadunda, ukiweka kidole unalisikia! Damu ikaruka, ikabidi wakandamize na kushona haraka. Kumbe saratani ya thairoidi imeshakula fuvu, na vivimbe vyake hujaa mishipa ya damu. CT, ile picha ya mashine ya eksirei inayozunguka mwili, kabla ya kisu ingeonyesha tundu kwenye mfupa. Linaniuma mpaka leo.

Ndiyo maana nasema kila siku: kinyama kwanza, yaani kipande kidogo cha uvimbe kipimwe maabara, maneno baadaye. Maabara watafute thairoglobulini, protini inayotengenezwa na seli za thairoidi, na TTF-1, alama nyingine ya seli hizo. PAX8, alama ya tatu, peke yake haitoshi, maana saratani ya figo yenyewe nayo huwa nayo. Damu ipimwe thairoglobulini pamoja na kingamwili zake. Zikiwepo, kipimo kinaweza kusoma chini kuliko ukweli. Kwa kuwa tezi yote ilitolewa na iodini ya mionzi alishapewa, kipimo cha thairoglobulini kikiwa kinapanda, kuna seli mahali.

Kabla ya CT awakumbushe historia yake. Dawa ya kung'arisha picha ina iodini nyingi, na ikiingia, tiba ya iodini ya mionzi huenda ikasubiri kama miezi miwili. Picha ya iodini ya mionzi nayo ikiwaka kwenye figo msishtuke: iodini hutoka kwa mkojo. Iunganishwe na CT isiyo na dawa hiyo, ijulikane kinachowaka ni uvimbe au ni mkojo. Na vidonge vyake vya homoni ya thairoidi asiviache kwa uamuzi wake.

Unasema daktari anataka kutoa figo bila kuchukua kinyama. Si ajabu, vivimbe vingi vya figo hutolewa hivyo kwa kutazama picha tu. Lakini kwa mtu mwenye saratani nyingine? Basi, ninyamaze, figo si yangu, ingawa ulimi unaniwasha. Muulizeni tu: majibu ya kinyama yangebadilisha nini kwenye mpango wake? Akishajibu, nipigie siku hiyo hiyo.

Mama yako