Jibu la swali la wiki: Chantal Akerman na kamera iliyokataa kuchungulia

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza ni mwongozaji gani wa kike aliyeibadilisha kweli namna sinema inavyomwonyesha mwanamke, alifanya nini hasa, na kama mabadiliko hayo yamedumu. Nadhani wasomaji wengi watajibu kwa kutaja filamu zenye mwanamke shujaa: anashika bunduki, anaongoza jeshi, anawashinda wanaume kwa nguvu au kwa akili. Sina ugomvi na filamu hizo, na baadhi yake nazipenda sana, lakini sioni kama zinalijibu swali. Shujaa huyo akibadilishiwa kazi bila kubadilishiwa kamera, ataendelea kutazamwa vilevile walivyotazamwa waliomtangulia: picha inaanzia viatuni, inapanda taratibu kwenye mapaja, inakawia kifuani, ndipo inafika usoni. Jibu langu ni Chantal Akerman, Mbelgiji aliyezaliwa Brussels mwaka 1950 na kufariki Paris mwaka 2015, kwa sababu kabla ya kujiuliza mwanamke afanye nini katika filamu, alijiuliza kamera isimame wapi na ikae hapo kwa muda gani.

Filamu ninayoizungumzia ni Jeanne Dielman, 23 quai du Commerce, 1080 Bruxelles, ambayo aliipiga akiwa na umri wa miaka 24 na ikaonyeshwa katika tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, mwezi Mei mwaka 1975. Jina lake ni anwani ya nyumba, na sehemu kubwa ya dakika zake 201 inapita ndani ya nyumba hiyo. Jeanne ni mjane wa makamo anayeishi na mwanawe, Sylvain, ambaye bado anasoma. Tunakaa naye kwa siku tatu. Anang'arisha viatu vya mwanawe, anatandika kitanda, anakwenda dukani, anapika, anaoga, kisha analisugua bafu aliloogea. Kila alasiri anampokea mwanamume mmoja chumbani kwake kwa malipo, na fedha anazoachiwa anazitia katika bakuli la supu lenye mfuniko lililoko juu ya meza ya kulia. Kazi hiyo ya alasiri imepangwa katika ratiba yake baina ya viazi kuwekwa jikoni na viazi kuiva, wala filamu haiipi uzito zaidi ya hapo.

Mwanamke anayepika hakuwa mgeni katika sinema, ila alionyeshwa kwa sekunde chache tu: kijiko kinakoroga, picha inakatwa, chakula kiko mezani na mume anakula. Akerman hakati. Jeanne anapopaka vipande vya nyama ya ndama unga, mayai na chenga za mkate, kamera inamkabili kutoka upande wa pili wa meza na inabaki hapo, haimsogelei wala haimzunguki, mpaka kipande cha mwisho. Mwanzoni mtazamaji anangoja jambo litokee. Baada ya saa nzima anajikuta amekwisha kuujua utaratibu wa nyumba ile bila kufundishwa na mtu: kwamba taa huzimwa kila chumba kinapoachwa, kwamba mfuniko wa bakuli hurudishwa mahali pake, kwamba vifungo vya gauni la nyumbani hufungwa vyote. Kwa hiyo siku ya pili, mgeni wa alasiri anapoondoka na Jeanne akausahau mfuniko, tunashtuka kama tulioona ajali. Jikoni viazi vimepita kiasi. Anaibeba sufuria na kuzunguka nayo ndani ya nyumba, hajui aitue wapi, na hatimaye anavitupa. Kisha anaketi kumenya vingine, nywele zimemtimka, kisu kinakwenda, kinasimama, kinakwenda tena, na katika mikono ile tunasoma hofu ambayo mwigizaji hakuitamka hata kwa neno moja. Nimeona filamu nyingi za mauaji na za vita, na si nyingi zilizonikaza mwili kama dakika zile za viazi.

Hebu tuuangalie mlango wa chumba cha kulala. Mgeni wa kwanza anapoingia, kamera inabaki ushorobani. Mlango unafungwa, mwanga unafifia ghafla ili tujue kwamba muda umepita, mlango unafunguliwa, Jeanne anamkabidhi mgeni koti na kofia yake, naye anatoa fedha. Kile ambacho sinema imezoea kukiuza kimewekwa nyuma ya mlango, na kile ambacho imezoea kukiruka, yaani kazi ya kuosha, kusugua na kumenya, kimepewa muda wake kamili. Ni siku ya tatu tu ndipo tunaingizwa chumbani, na hapo Jeanne anapatwa na hisia ya mwili ambayo ratiba yake haikuipangia nafasi. Muda mfupi baadaye anamchoma mteja kwa mkasi, nasi tunakiona kitendo hicho ndani ya kioo cha meza ya kujipambia, kwa umbali uleule tuliomwona nao akipika.

Umbali huo haukuwa wa bahati. Akerman alikuwa mfupi wa kimo, na kamera iliwekwa karibu na usawa wake mwenyewe. Alieleza katika mahojiano kwamba hakutaka kumkatakata mwanamke yule vipande mia, na kwamba mtazamaji wake hachungulii, maana wakati wote anajua mwongozaji amesimama wapi. Kwangu mimi hapo ndipo lilipo jibu la sehemu ya pili ya swali lenu. Anayechungulia hujificha, na filamu nyingi hujificha: picha moja inatoka dirishani, nyingine iko sentimita chache kutoka midomoni, nyingine iko sakafuni, na hakuna anayeuliza ni nani aliyeko huko kote. Kamera ya Akerman haijifichi. Imesimama jikoni kama mgeni mwenye adabu, inaangalia, na haigusi.

Mwaka huohuo wa 1975 Mwingereza Laura Mulvey, ambaye naye ni mtengenezaji wa filamu, alichapisha katika jarida la Screen makala ambayo mpaka leo haikosekani katika masomo ya sinema. Alidai kwamba filamu za Hollywood zimejengwa juu ya jicho la kiume: mwanamume ndiye anayetazama na kuisukuma hadithi mbele, na mwanamke amewekwa ili atazamwe. Mojawapo ya filamu alizozichambua ni Vertigo ya Alfred Hitchcock, ya mwaka 1958, ambamo mpelelezi anamfuatilia mwanamke kimyakimya mjini San Francisco, kisha, akiamini amempoteza, anamshurutisha mwingine avae na atengeneze nywele mpaka afanane na yule wa kwanza. Sasa, gazeti la filamu la Uingereza, Sight and Sound, huwapigisha wahakiki kura kila baada ya miaka kumi tangu mwaka 1952 ili kuchagua filamu bora ya nyakati zote. Mwaka 2012 walioshinda walikuwa Hitchcock na Vertigo yake. Mwaka 2022, kwa kura ya watu zaidi ya 1,600, nafasi ya kwanza ilikwenda kwa Jeanne Dielman, na ilikuwa mara ya kwanza filamu iliyoongozwa na mwanamke kufika hapo. Filamu ya mwanamume anayemtengeneza mwanamke kwa macho yake iling'olewa na filamu ya mwanamke ambaye hakuna anayemtengeneza. Hata kama ingepangwa isingependeza hivyo.

Wapo waliolalamika. Mmarekani Paul Schrader, mwandishi na mwongozaji mwenye heshima yake, alisema hadharani kwamba kupanda kwa ghafla namna ile kunaitia doa kura yenyewe. Simkatalii kwamba orodha hubadilika kwa kufuata upepo wa nyakati, lakini upepo ulivuma pia wakati orodha ilipojaa wanaume watupu na hakuna aliyelalamika. Isitoshe, katika kura ya waongozaji wenyewe, iliyopigwa kando mwaka huohuo, Jeanne Dielman ilishika nafasi ya nne. Watu wanaofahamu ugumu wa kuiacha picha bila kuikata waliielewa.

Kuhusu waliomsaidia nitasema machache. Mpigapicha alikuwa Babette Mangolte, Mfaransa ambaye Akerman alikutana naye New York mwanzoni mwa miaka ya 1970, na wengi wa waliofanya kazi katika filamu hiyo walikuwa wanawake, jambo ambalo Akerman alilikusudia. Mchango mkubwa zaidi ulitoka kwa Delphine Seyrig, aliyeigiza Jeanne. Seyrig alikuwa nyota, mrembo wa ajabu wa filamu ya L'Année dernière à Marienbad ya mwaka 1961, mtu ambaye hakuna aliyewahi kumfikiria akiwa ameshika brashi ya viatu. Akerman alimchagua kwa sababu hiyohiyo: mwanamke ambaye tumezoea kumwona akideki hatumwoni tena anapodeki, bali Seyrig akitandika kitanda lazima tumwone. Na Seyrig hakuwa wa kupangiwa tu, kwani alikuwa mwanaharakati wa haki za wanawake, na baadaye aliongoza mwenyewe filamu ya mahojiano, Sois belle et tais-toi, ambamo waigizaji wa kike, akiwemo Jane Fonda, wanasimulia wazi namna walivyotendewa na tasnia yao.

Kuna na mama. Natalia, mama yake Akerman, alinusurika Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, na binti alisema kwamba mienendo ya Jeanne aliitoa kwa wanawake aliowaona utotoni, mama na shangazi zake. Ukilijua hilo, utaratibu wa nyumba ile unapata uzito mwingine. Mtu anayepanga kila dakika ya siku yake huenda anaziba nafasi ambayo hataki iingiliwe na kitu, na sidhani kama mtengenezaji wa filamu wa kiume wa wakati ule angelisoma hilo katika mikono ya mwanamke anayekunja taulo.

Najua hoja mbili nitakazojibiwa. Ya kwanza ni kwamba Akerman mwenyewe hakupenda kuitwa mwongozaji wa kifeministi, yaani wa kutetea haki za wanawake. Ni kweli: alikataa filamu zake zionyeshwe katika matamasha ya wanawake pekee, na hakukubali kwamba kuna lugha moja ya sinema ya kike, kwa kuwa kusema hivyo ni kusema wanawake wote huzungumza kwa namna moja. Hata hivyo, kuhusu Jeanne Dielman alikiri kwamba ni filamu ya kifeministi kwa sababu inaipa nafasi mienendo ya kila siku ya mwanamke, ambayo katika ngazi za picha za sinema imewekwa chini kabisa, chini ya busu na chini ya ajali ya gari. Mimi sioni mgongano hapo. Alikataa kufungiwa katika chumba, hakuikana kazi aliyoifanya. Hoja ya pili ni kwamba filamu inachosha, na kwamba watu walitoka Cannes kabla haijaisha. Walitoka, na Akerman alisimulia kwamba alivisikia viti vikigonga kila mmoja alipoinuka. Inachosha kwa vipindi, sitadanganya. Lakini hao wanaochoshwa na dakika kumi za kazi ya nyumbani wangeulizwa kwanza ni nani huifanya kwao kila siku.

Shaka yangu halisi iko kwingine, kwenye mkasi. Kila ninapoitazama najiuliza kama yale mauaji hayairudishi filamu katika njia ya zamani, ambapo mwanamke anastahili kutazamwa kwa sababu tu mwishoni atafanya jambo la kutisha. Upande wangu mmoja unaamini filamu ingekuwa na nguvu zaidi kama siku ya tatu ingeishia kwenye kahawa iliyomharibikia, ile anayoimwaga na kuipika upya bila kuinywa. Upande mwingine unakumbuka kwamba Akerman ameyapa mauaji muda mfupi kuliko nyama ya ndama, na kwamba kwa kufanya hivyo ametuambia lipi ni tukio.

Je, mabadiliko hayo ya kamera yamedumu? Kwa wachache, naam; kwa tasnia kwa jumla, la. Kuacha picha dakika tano bila kukata kunahitaji mtayarishaji asiye na hofu ya mtazamaji kuondoka, na Akerman aliweza kwa kuwa alipata ruzuku ya serikali ya Ubelgiji na aliridhika na bajeti ndogo. Biashara kubwa ya filamu ilichukua shujaa mwenye bunduki kwa kuwa huyo haibadilishi kamera. Msomaji asiye na saa tatu na zaidi za kukaa aanze na Saute ma ville ya mwaka 1968, filamu ya dakika 13 ambayo Akerman aliitengeneza akiwa na miaka 18 na kuiigiza mwenyewe: msichana anaingia jikoni akiimbaimba, anapika, anadeki, anavuruga alichokideki, anapaka miguu yake rangi ya viatu, kisha anafungulia gesi na kuilipua nyumba nzima.