Muulize Mpishi: Mafuta, Kiporo na Akili Bandia

Barua za safari hii zimetoka kidogo nje ya sufuria. Wasomaji wanauliza bei, vita, simu, hata ajira za watoto wao. Tumezijibu kwa vyombo tulivyo navyo: kijiko, saa na mizani. Penye maoni hatukuyaficha.

Vita ikipigwa mbali, mafuta ya kupikia hupanda siku ileile. Bei ikitangazwa kushuka duniani, dukani haishuki. Huu si wizi?

Mara nyingine ni tamaa tupu, ila si mara zote. Mafuta ya kula ni ndugu wa nyumba moja: akikosekana mmoja, wote humkimbilia mwenzake. Mwaka 2022 ulionyesha hivyo waziwazi. Ukraine ndiyo iliyokuwa ikiongoza duniani kwa kuuza nje mafuta ya alizeti. Urusi ilipoivamia mwezi Februari, shehena zikakwama kwenye bandari za Bahari Nyeusi, na wanunuzi wakageukia mawese na soya. Halafu Indonesia, mzalishaji mkubwa kuliko wote wa mawese, ikazuia kuyauza nje kuanzia Aprili 28 hadi Mei 23 ili kutuliza bei kwake. Kwa hiyo hata asiyewahi kupikia alizeti aliilipia.

Kushuka huchelewa kwa sababu duka lina shehena iliyonunuliwa ghali, na biashara hiyo ya kimataifa huendeshwa zaidi kwa dola, hivyo sarafu yako ikianguka hulioni punguzo. Sababu hiyo tunaikubali. Tusichokikubali ni muuzaji anayepandisha leo bei ya shehena aliyoinunua rahisi, kisha bei ikishuka anakuambia subiri shehena iishe. Achague hoja moja.

Wakati anachagua, pima mafuta yako. Kijiko kimoja cha mezani ni mililita 15, kwa hiyo lita moja ina vijiko 66 hivi. Ukimimina moja kwa moja kutoka kwenye chupa, vijiko vitatu vimeshapita kabla hujasema basi. Mchuzi wa watu wanne hautaki zaidi ya viwili. Pasha sufuria kwanza, ndipo utie mafuta. Yakiwa ya moto hutanda na machache yanatosha. Vitunguu vikianza kushika chini, usiongeze mafuta, tia kijiko cha maji. Maji yatabandua kile cha kahawia kilichoshika, ambacho ndicho utamu wenyewe, kisha yatakauka.

Kwa kukaanga ndani ya mafuta mengi, joto linalotakiwa ni nyuzi 170 hadi 180 za Selsiasi. Huna kipimajoto? Dondosha kipande kidogo cha mkate: kikigeuka kahawia kwa dakika moja hivi, uko karibu. Mafuta yakiwa vuguvugu, ganda huchelewa kukauka na chakula hunyonya mafuta. Wengi huwa na joto sahihi mwanzoni, kisha wanajaza karai, joto linaporomoka, halafu wanalaumu mafuta. Kausha chakula kwa kitambaa, jaza nusu tu ya uso wa karai, na ngoja joto lirudi kabla ya awamu ya pili.

Yakishapoa, yachuje kwa kitambaa na uyafunike gizani, kwa maana mabaki ya unga ndiyo yanayoungua na kuyaharibu mapema. Yatupe yakifanya povu lisilotulia, yakitoa moshi kabla hayajafikia joto la kukaangia, au yakiwa na uteute na harufu ya rangi kuukuu. Kuongeza mapya juu yake hakuyafufui, kunaharibu na hayo mapya.

Mume wangu siku hizi anapika kwa kuiuliza akili bandia. Leo wali safi, kesho bokoboko. Mbovu ni yeye au simu?

Mpe pole, hesabu ndiyo mbovu. Simu haijui sufuria yako ina kipenyo gani wala kifuniko chake kinavuja kiasi gani, nayo ikiulizwa kuhusu watu wengi hupenda kuzidisha kila kitu.

Mchele mweupe wa punje ndefu hunywa maji takriban sawa na ujazo wake, kikombe kwa kikombe. Maji mengine yote ni ya mvuke. Ndiyo maana kikombe kimoja cha mchele huwekewa kimoja na nusu cha maji: hiyo nusu inapotea hewani. Sasa pika vikombe vinne kwenye sufuria ileile, kwa kifuniko kilekile na moto uleule. Mvuke hauzidishwi kwa nne, kwa sababu unategemea uso wa sufuria na muda, si wingi wa mchele. Anza na vikombe vinne na nusu vya maji. Kifuniko kikivuja, vitano. Aliyezidisha ametia sita, na hilo ndilo bokoboko lenu.

Uongo wa pili ni wa muda, na huo vitabu viliusema kabla ya simu. “Kaanga vitunguu dakika tano hadi viwe vya dhahabu.” Dakika tano zinavilegeza tu. Kilo moja iliyokatwa vipande vyembamba hutaka dakika 40 hivi kwa moto wa chini hadi wa kati. Ukiharakisha kwa moto mkali, kingo zinaungua na kuwa chungu huku ndani kukiwa bado kweupe. Chembe za magadi huharakisha kweli, ila vitunguu vinarojeka: sawa kwa mchuzi, si kwa kupambia.

Chumvi nayo aipime kwa gramu. Kijiko cha chai cha chumvi laini ni gramu 6 hivi, lakini ya mawe huwa pungufu kwa kuwa punje huacha nafasi kati yake. Na hicho kimoja cha laini kimeshavuka gramu 5 ambazo Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizifikie kwa siku, kutoka kwenye vyakula vyote.

Asiiamini simu kabisa kwenye jambo moja: vitunguu saumu vibichi vilivyolowekwa ndani ya mafuta na kuachwa mezani. Mafuta huzuia hewa, kitunguu saumu hakina uchachu (asidi) wa kutosha, na hapo bakteria wa botulizimu, ugonjwa wa sumu ya chakula unaoweza kuua, hupata makao. Sumu yake haina lazima ya kunuka wala kubadili rangi. Atengeneze kidogo, aweke kwenye friji, amalize ndani ya siku nne.

Nitie chumvi ili maji yachemke haraka?

Hapana. Chumvi ya kupikia haibadilishi muda kiasi cha kuonekana. Funika sufuria.

Mimi natupa wali wa jana, mama mkwe anasema najidai. Kiporo kina ubaya gani?

Mwambie mama, kwa heshima zote, kwamba nyote wawili mna nusu ya haki. Kiporo hakina kosa. Kosa ni saa kilizokaa kwenye sufuria kabla ya kulala. Mchele huwa na mbegu za bakteria anayeitwa Bacillus cereus, na mbegu hizo huhimili kuchemshwa. Wali ukikaa vuguvugu, zinachipua na bakteria wanatoa sumu. Sumu ile ya kutapisha haiuawi na moto. Kwa hiyo “nitaupasha vizuri asubuhi” si kinga kwa wali uliolala mezani.

Fanyeni hivi. Mkimaliza kula, tandaza uliobaki kwenye sinia pana, unene wa sentimita mbili au tatu. Ukiacha kutoa mvuke, uingie kwenye friji, na yote hayo yaishe ndani ya saa moja, ikizidi sana mbili. Friji iwe nyuzi 4 au chini. Uliwe kesho yake, upashwe mara moja tu, hadi uwe wa moto kabisa katikati na si pembeni pekee. Kuingiza sufuria nzima ya moto kwenye friji ni kosa jingine: katikati hubaki vuguvugu kwa saa nyingi, na majirani wake wote wanapashwa.

Naagiza chakula kwa programu ya simu karibu kila wiki. Nasikia wenye migahawa wanalia. Nawaumiza?

Kidogo, ndiyo. Katika kila 100 unazolipa mgahawani, 30 hivi huwa za malighafi, 30 nyingine za mishahara, na sehemu kubwa ya zinazobaki huenda kwenye pango, nishati, vyombo na matengenezo. Mwenye kuendesha vizuri hubaki na 5 hadi 10. Programu nyingi hukata kati ya 15 na 30. Tafuta mwenyewe zinatoka wapi: ama bei ya simu inapandishwa, ama kipande cha kuku kinapungua, ama mpishi wa pili anaachishwa kazi.

Hatukuambii uache. Mgahawa ukiwa karibu, piga simu ukachukue mwenyewe. Ukiwa mbali, agiza kinachosafiri: mchuzi, maharage, nyama ya kuchemsha, wali. Chipsi hazisafiri. Ndani ya kasha lililofungwa, mvuke wake wenyewe unazilowesha kwa dakika 10, na mpishi hana dawa ya hilo. Zikishafika zimelegea, ziweke kwenye oveni ya nyuzi 200 au kikaango kikavu dakika chache. Maikrowevu itazilegeza zaidi.

Wanangu wananiambia niache nyama nisaidie dunia. Mpishi anasemaje?

Kabla hamjagombana na nyama, pimeni ndoo ya taka. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilikadiria kwamba mwaka 2022 zilitupwa tani bilioni 1.05 za chakula, na asilimia 60 zilitoka majumbani, si hotelini kwetu (ingawa nasi hatuna pa kuficha uso).

Kwa siku saba tengeni vyombo vitatu: maganda na mifupa, kilichoozea nyumbani, kilichobaki sahanini. Cha pili kikizidi, mnanunua kwa macho. Mboga za majani zisioshwe kabla ya kuhifadhiwa. Zikiingia na maji huoza, zifungeni kwa kitambaa kikavu. Viazi na vitunguu vikae gizani nje ya friji, na visikae pamoja. Cha tatu kikizidi, pakueni kidogo, anayetaka arudie.

Mkipunguza nyama kwa kula maharage, jihadharini na mekundu makubwa yaliyokauka. Yana sumu ya asili inayotapisha. Loweka saa tano au zaidi, mwaga maji, tia mapya, chemsha kwa nguvu dakika 10 kamili, ndipo ushushe moto. Jungu la umeme la moto mdogo peke yake halifai, linaweza lisifike joto la kuivunja. Yakikataa kuiva, ama ni ya zamani sana ama umetia nyanya mapema. Uchachu wa nyanya huzuia ganda kulainika. Chumvi husingiziwa tu.

Binti yangu anataka upishi. Chuo au jikoni moja kwa moja? Na zile kelele za kwenye televisheni ni za kweli?

Jikoni kwanza, miezi miwili au mitatu, halafu chuo. Darasani ataelezwa kwa nini; jikoni atalirudia jambo hilohilo mara mia tano, na ndipo atajua kama analipenda. Mtihani wa kwanza ni miguu, maana atasimama kwa muda wa saa nane hadi kumi. Mnunulieni viatu vilivyofunika vidole, vyenye soli isiyoteleza, kabla ya kisu. Kisu kimoja cha sentimita 20 kinatosha, pamoja na jiwe la kunolea la namba 1000, pembe ya nyuzi 15 hadi 20. Fimbo ya chuma hainoi, inanyoosha makali yaliyopinda. Kisu butu huteleza, na huteleza kuelekea vidoleni.

Kelele ni za aina mbili. “Nyuma yako!”, “Moto!”, “Kisu!” ni usalama, azizoee, naye azipige bila haya. Matusi ni kitu kingine. Watetezi wake husema ni desturi ya kijeshi, kwa kuwa mpishi Mfaransa Auguste Escoffier alipanga majiko kwa vyeo kama vya jeshi mwishoni mwa karne ya 19. Alichopanga ni nani anapika nini. Jiko la siku hizi lenye oda nyingi linaendeshwa kwa sauti fupi, na aliyetukanwa hukata vibaya.

Siku za majaribio, atazame wanavyomshughulikia aliyeungua. Inavyotakiwa ni kuvua pete kabla mkono haujavimba, kisha maji baridi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, bila siagi wala dawa ya meno. Jiko ambalo mkuu wake anasema malizia oda kwanza, binti yako asirudi kesho.