Mkubwa Akifika Eneo la Tukio, Amri Iko kwa Nani?

Muulize askari mpya nani mwenye amri, atakutazama mabegani. Kwenye gwaride hilo linatosha. Ila miaka ya sare imenifundisha kutenganisha cheo na amri. Cheo unarudi nacho nyumbani. Amri unapewa juu ya watu fulani kwa kazi fulani. Ndiyo maana katika majeshi mengi meja ambaye ni daktari anapigiwa saluti na luteni wa platuni, lakini hawezi kuwapanga askari wa luteni huyo vitani.

Patashika huanza mkubwa anapofika katikati ya kazi. Niliwahi kuwa kwenye operesheni ambapo inspekta alishazingira jengo, kila askari na kona yake. Akaja mkubwa wake, kwa nia njema kabisa, akaanza: "Wewe sogea huku, nyie wawili njooni mbele." Wakasogea. Mlango wa nyuma ukabaki wazi, na hakuna hata mmoja aliyekaidi amri! Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Hapa nahodha wa pili hakuwa hata amejitangaza.

Kwa hiyo afande mkubwa, ukifika usianze na askari. Mwendee anayeongoza, akupe taarifa: kuna nini, nani yuko wapi, amri gani zimeshatoka. Kisha amua. Mfumo wa kuongoza matukio ya dharura uliozaliwa California baada ya mioto mikubwa ya mwaka 1970 unasema wazi kwamba kufika kwa mwenye cheo hakuhamishi amri kwenyewe. Ukiichukua, tangaza redioni, na anayekabidhi athibitishe. Kama huichukui, kaa kando umsaidie. Najua kukaa kando kunawawia wakubwa vigumu kuliko kuongoza.

Nawe mdogo, uliza: "Afande, unachukua amri au niendelee?" Sauti ya kawaida, si ya kumkomesha mtu. Hata sheria haiishii kwenye nyota za begani. Kifungu cha 28 cha Mkataba wa Roma wa 1998, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC), kinamgusa pia mtu anayefanya kazi ya kamanda kwa vitendo: askari walio chini yake wakitenda uhalifu mkubwa wa kivita, naye alijua au alipaswa kujua, asiwazuie wala kuwachukulia hatua, anawajibika.

Hukubaliani na amri halali? Sema mara moja, kwa ufupi, ikiwezekana pembeni, halafu tekeleza. Amri ya kumpiga mfungwa au kufyatulia risasi watu wasio na hatia ni jambo jingine: hiyo unaikataa.

Na saa ya makabidhiano iandikwe kwenye daftari palepale, pamoja na aliyekabidhi na aliyepokea. Uchunguzi ukija, swali la kwanza huwa hilo, na kumbukumbu za watu wawili waliokosana hazifanani kamwe.